Barafu ya Hakim

Maskati, 16 Agosti 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi, Bi Sayyida,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia baada ya sala ya Ijumaa. Hind kajilaza, mwanetu Rawan kenda kwa wenzake Azaiba, na nyumba imetulia. Sote wazima, ila joto tu. Mke wangu anasema hata maji ya bomba la baridi yanafaa kupikia chai. Je, mguu wako? Dawa unakunywa, au unazipanga dirishani kama mwaka jana?

Tangu masikio yako yapungue ukanipiga marufuku simu, mimi nimeanza kuona raha ya kuandika. Na kila mwaka unaniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nakujibu ovyo. Leo nakueleza.

Klabu yetu imo ndani ya ghala huku Rusayl, katikati ya viwanda. Humo tunagandisha sakafu nzima ya barafu, na watu wanakuja kucheza mchezo wa mawe, wenyewe wanauita kalingi. Jiwe ni la matale, gumu na zito, lina mkono juu yake mfano wa birika. Mchezaji analisukuma litereze mpaka kwenye duara lililochorwa upande wa pili, na wenzake wawili wanakwenda mbele yake wakisugua barafu kwa fagio ili lifike.

Wakati wa joto tunazima mashine, barafu yote inayeyuka. Agosti tunaanza upya. Tunaosha sakafu, tunaipoza siku kadhaa, kisha tunatia maji. Lakini hayamwagwi, Shangazi. Yanarushwa kama unavyonyunyizia nguo kabla ya pasi; yakiganda unarusha tena, na tena, wiki mbili nzima. Inafuata rangi nyeupe, duara za rangi, halafu maji mengine juu yake. Mwisho kabisa tunanyunyiza matone ya maji ya moto, yanaganda yakawa vipele vidogo kama harara mgongoni kwa mtoto. Jiwe linateleza juu ya vichwa vya vile vipele. Bila ya vipele halendi popote.

Kazi ya vipele anaifanya zaidi Hakim, kijana wa Uganda, mwaka wa tatu huu yuko nami. Nimemfundisha mwenyewe. Anabeba tangi mgongoni, anarudi kinyumenyume, mkono unakwenda kulia na kushoto bila kusita. Mkewe, Joweria, anafanya kazi kwenye nyumba moja Azaiba, wanaonana Ijumaa tu.

Sasa ombi langu. Unakumbuka mwaka jana siku ya kufungua msimu mashine ilizima mbele ya wageni. Mwenyekiti wetu, Muhandis Alaa, ametwambia waziwazi: mwaka huu barafu ikiharibika, kuna mtu ataondoka. Na watu wa barafu ni wawili tu, mimi na Hakim. Tuombee dua.

Mwanao,
Jaifar


Unguja, 9 Septemba 2024

Mwanangu Jaifar,

Waaleikum salaam, na salamu zangu kwa Hind na Rawan, na umwambie Rawan picha aliyoniletea nimeitia kwenye fremu ya marehemu babu yake, babu nimemhamishia kwenye albamu. Mimi sijambo. Mguu ndo ule ule. Dawa nakunywa, usinisimange.

Barua yako nimemsomea Bi Muzna jirani, tumecheka mpaka akapaliwa na chai. Wanaume wazima na shahada zao wanafagia barafu! Na baraza langu hapa halijafagiwa tangu Jumatatu. Nikamatie wawili uwatie kwenye ndege.

Lakini hilo la mashine kuzima mbele ya wageni halikunichekesha. Hiyo si mashine, mwanangu, hilo ni jicho. Watu wanakuja kuona ajabu ya barafu kwenye nchi ya jua, wanatoa macho, hakuna aliyesema mashaallah. Sasa sikiliza. Mtoto wa Bi Muzna anakuja huko, nimempa kopo la udi. Najua utasema Maskati udi umejaa madukani. Huo wa madukani si huu. Huu nimeupika mwenyewe kwa mkono wangu, sukari nimeikoroga mpaka ikawa rangi ya asali, nikatia ambari na miski na marashi na mafuta ya udi, kama nilivyompikia mama yako alipoolewa.

Siku moja kabla ya kufungua, baada ya alasiri, funga milango, tia makaa kwenye chetezo, zunguka pembe zote nne. Soma unachojua. Usifanye haraka, wacha moshi ushike. Ukimaliza hapo hapana mtu wala shetani atakayekugusa.

Na huyo Hakim mpe pole kwa kutembea kinyumenyume. Mimi kwenda mbele tu nashindwa.

Shangazi yako


Maskati, 4 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, sifa njema ni za Mwenyezi Mungu. Rawan kaanza mwaka wa mwisho. Kopo limefika, na kabla hujalifungua tayari nyumba nzima inanukia. Hind kataka nusu. Nimemwambia una kazi maalumu, akanuna siku moja tu.

Barafu yetu inapendeza. Rangi nyeupe imekaa, duara za buluu na nyekundu zimetoka sawasawa. Jumanne tuliona unywele mmoja umegandia ndani, karibu na duara. Unywele mmoja, Shangazi! Ilibidi Hakim alale kifudifudi saa nzima, anauchimbua kwa ncha ya kisu, anajaza tundu kwa maji tone kwa tone. Jiwe likipita juu ya uchafu linapinda, au linakufa njiani. Ndiyo maana hapana mtu anayeingia na viatu vya nje, hata Muhandis Alaa.

Jana wachezaji watano walikuja kujaribu. Mmoja wao, daktari wa meno, kasukuma jiwe, kalitazama mpaka lilipofika, akasema, "Mwaka huu barafu ya Hakim ni nzuri kuliko zote." Nilicheka.

Tunafungua Alkhamisi tarehe kumi na saba. Wageni watatoka Kuwait na Qatar. Mashine hazina neno, Hakim kazipitia zote. Udi wako nitaufukiza kama ulivyosema.

Usiache dawa.

Jaifar


Unguja, 6 Novemba 2024

Jaifar,

Hamjambo? Mie mzima, na Bi Muzna anakusalimu. Mvua za vuli zimeanza, bati la jikoni linavuja pale pale ulipoliziba.

Tarehe kumi na saba imepita, mwezi wa Oktoba umekwisha, na mimi nakaa hapa na dua zangu sijui nizipeleke upande gani, wa shukurani au wa kuomba. Mtoto wa Bi Muzna karudi, namuuliza una barua yangu, ananiambia Ami Jaifar kasema ana kazi nyingi. Kazi gani ya kumzuia mtu kuandika neno moja, "tumefungua"?

Niandikie.

Sayyida


Maskati, 15 Novemba 2024

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na nisamehe kwa kuchelewa. Sisi wazima. Rawan kapata alama nzuri kwenye mtihani wa kati, mwalimu wake kamsifu. Wiki iliyopita tulikwenda Qurayyat kwa jamaa zake Hind, tukala samaki wa kuchoma mpaka tukashindwa kuinuka. Mitende ya huko mwaka huu imezaa sana, nimekuwekea tende, zitakuja na mtu wa kwanza anayesafiri.

Tumefungua, alhamdulillah. Wageni walikuja wote. Timu ya Kuwait ndiyo iliyoshinda, wana mchezaji mmoja mwanamke, mrefu, ana shabaha ya ajabu. Chakula kilitoka hoteli, biriani ya nyama ya mbuzi. Barafu ilitusumbua kidogo siku ya mwanzo, tukaikwangua, ikakaa sawa. Muhandis Alaa katoa hotuba ndefu kwa Kiarabu na Kiingereza.

Hali ya hewa imeanza kupoa. Usiku tunalala bila kiyoyozi. Bati la jikoni nitamwandikia fundi, usimpe mtu mwengine.

Wako,
Jaifar


Unguja, 3 Desemba 2024

Mwanangu,

Nashukuru kwa tende ambazo bado sijazila. Salamu zangu kwa Hind. Rawan mpe busu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona matundu. Umeniandikia samaki, mitende, biriani, na urefu wa mwanamke wa Kuwait. Udi hukuutaja. Mie nimekaa siku mbili juani na huu mguu wangu kupika udi ule, na wewe hata "asante ulinukia" imekushinda? Ulifukiza au hukufukiza? Hilo ni swali, lijibu.

Na jengine. Barua mbili za mwanzo ni Hakim huku, Hakim kule, Hakim kalala kifudifudi anachimbua unywele. Hii ya tatu Hakim hayumo. Kafa? Kaoa mke wa pili? Yuko wapi?

Usinizungushe, Jaifar. Nimekuogesha wewe.

Shangazi yako


Maskati, 13 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Nakuandikia kwa haraka, mtu anayebeba barua anangoja mlangoni.

Udi nilifukiza. Ulinukia sana, kila mtu kasema. Asante.

Hakim kenda kwao. Mkataba wake umekatishwa. Mambo ya kazi tu.

Jaifar


Maskati, 10 Januari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullah. Wiki nne nimengoja jibu lako, na sikulipata. Mtu wa Bi Muzna kaniambia u mzima, unakwenda sokoni, na barua yangu umeisoma ukaikunja ukaiweka chini ya mto. Kwa hiyo najua unangoja. Hind na Rawan hawajambo. Hawajui haya ninayokuandikia.

Jumatano ile, baada ya alasiri, nilimwambia Hakim akapumzike. Nikafunga milango. Nikatia makaa, nikamwaga udi wako, nikazunguka pembe nne, nikasoma, nikazunguka tena mara ya pili na ya tatu. Moshi ulishika kweli, hata duara sizioni. Mimi najua kazi yangu. Mimi ndiye ninayewavua watu viatu mlangoni. Lakini ulikuwa udi wako, na ilikuwa harufu ya nyumba uliyonilea, na wallahi haikunipitia akilini kwamba moshi ule ni uchafu. Kwetu sisi mahali pakishafukizwa ndipo panapokuwa safi. Niliondoka hapo roho yangu kunjufu.

Kesho yake mgeni wa kwanza kasukuma jiwe, likenda nusu ya njia likasimama. La pili hivyo hivyo. Watu wakaanza kutazamana. Ile sukari na mafuta ya udi vilipanda na moshi, vikatua juu ya vipele vyote, ikawa utando hauonekani ila kwa kuugusa. Muhandis Alaa kapitisha kidole juu ya barafu, kakisugua kwa kidole gumba. Harufu hakuna aliyeishangaa; nani Maskati atashangaa harufu ya udi, na kanzu zote pale zinanukia hivyo hivyo? Mgeni mmoja hata kasifu kwamba pananukia vizuri.

Alaa kasema, "Haya ni mafuta." Siku mbili nyuma Hakim alitia mafuta kwenye feni kubwa ya kukausha hewa. Alaa kanigeukia, kaniuliza mbele ya watu wote, "Jaifar, yanaweza kuwa ya feni?"

Nikasema, "Inawezekana."

Hakim alikuwa kasimama hatua tatu kutoka kwangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, feni niliifuta. Wewe mwenyewe uliniona nikiifuta." Na kweli nilimwona. Aliifuta kwa kitambaa kipya mara mbili. Nikatazama chini. Alaa hakukisikia hicho Kiswahili chetu.

Ile barafu aliitengeneza nani, unadhani? Hakim. Aliikwangua yote peke yake, akanyunyiza vipele vipya, na saa kumi na moja mawe yakawa yanakwenda. Siku kumi baadaye wakamkatia tikiti. Uwanja wa ndege sikwenda. Nilisema nna homa.

Ijumaa iliyopita Joweria kaja nyumbani. Kabeba mfuko. Ndani yake koti la baridi la Hakim na viatu vyake vya barafu, koti limefuliwa na kupigwa pasi, viatu vimepigwa rangi. Kaniambia, "Hivi ni vya klabu. Hakim kavisahau kwangu. Kasema nivirudishe kwa mkono wako, isije ikasemwa kaondoka na kitu cha watu." Hind kamkaribisha chai. Kainywa, kashukuru, kaenda zake kuwahi basi. Hakuniuliza chochote. Nilikaa na lile koti magotini mpaka Hind akaniuliza nina nini.

Shangazi, sikusema kwa sababu ingenibidi niutaje udi wako. Wangesema ni ushirikina wa kizee uliowaharibia wageni wao. Sikutaka jina lako lichezewe midomoni mwa watu wasiokujua. Sasa nimekwambia.

Mwanao,
Jaifar


Unguja, 27 Januari 2025

Jaifar,

Waaleikum salaam. Nimelia, nikasema nikuandikie nikishamaliza kulia, ndo maana umechelewa kupata jibu.

Kosa la kwanza ni langu. Nimekuamrisha jambo la mahali nisipopajua, nikajifanya najua. Miaka hamsini nafukiza watu, maharusi na maiti, na sikuwahi kujiuliza moshi unatua wapi. Kopo jengine nililokuwekea nimelitia jaani.

Lakini usinifanye mimi pazia lako. Eti umelinda jina langu! Nna miaka sabini na tisa, meno manne, mguu mmoja mzima. Huyo Muhandis Alaa akinifukuza atanifukuza kutoka wapi? Ungesimama pale ukasema, "Shangazi yangu mjinga huko Unguja kanituma nifukize, nikafukiza," wangecheka, mie ningecheka nao, na yule mtoto angekuwa na kazi yake. Udi ni wangu, naukubali. Woga ni wako.

Na bado hujamaliza. Kuna jambo la tatu hujaliandika. Barua yako ya Oktoba ninayo hapa mkononi. Yule daktari wa meno kasema barafu ya Hakim ni nzuri kuliko zote, na wewe umeandika, "Nilicheka." Mimi nimekulea, kicheko chako nakijua. Ulipokuwa na miaka tisa mtoto wa jirani alikushinda kuhifadhi sura, ukacheka hivyo hivyo, na jioni yake juzuu yake ikaonekana kisimani. Nilimpiga mtu mwengine kwa ajili ya ile juzuu. Nilijua, nikampiga mwengine, kwa sababu wewe ulikuwa yatima na mimi sikuweza kukupiga. Hilo nalo ni langu, nalibeba mpaka leo.

Kwa hiyo leo nakupiga. Nenda ukaseme. Uwaambie hao wa klabu, wote, na umwambie Hakim kwa mdomo wako. Usipeleke mtu, usipeleke pesa, usipeleke tende. Na mpaka uwe umeshasema, usiniandikie. Sitaifungua.

Mungu akupe ulimi.

Sayyida


Maskati, 21 Februari 2025

Kwa Shangazi yangu, Bi Sayyida,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hii unaweza kuifungua.

Sisi wazima. Ramadhani imetubishia hodi, Hind anapanga mitungi ya viungo. Nimemwambia yote, yeye na Rawan. Rawan hakusema nami siku tatu, sasa ananisalimu.

Jumatatu ile ile niliyopata barua yako nilikwenda klabu. Niliwangoja wachezaji wote wafike, na kamati, nikasimama ukingoni mwa barafu. Nikasema habari ya udi. Nikakutaja, kama ulivyotaka. Nikasema Hakim aliifuta feni, na mimi nilimwona. Halafu nikasema la tatu, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote mawili. Nikasema: niliposikia mnaiita barafu ya Hakim niliona wivu, na siku nilipoulizwa, wivu ule ulinifunga mdomo zaidi kuliko woga. Sikujua kama nitaweza kulisema mpaka nilipolisikia limetoka.

Hapana aliyecheka, Shangazi. Ingekuwa bora wangecheka. Yule daktari wa meno kaweka fagio lake chini akatoka nje. Muhandis Alaa kaniomba funguo za ghala, nikampa. Nimeambiwa nitabaki mpaka msimu uishe, niwe nafagia ukumbi na kupokea wageni, baada ya hapo basi. Barafu ya mwaka ujao nitaisikia kwa watu. Sikubishana naye. Kasema watamwandikia Hakim arudi, kwa kazi yangu mimi na mshahara wangu.

Namba ya Hakim nilipewa na Joweria. Nilimpigia. Nikasema yote tangu mwanzo, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nikamwambia barua ya klabu inakuja, kazi ipo. Akasema, "Ya kazi nitafikiri. Kwanza mpigie baba yangu. Haya uliyoniambia mimi, mwambie yeye." Akanipa namba, akakata.

Baba yake ni Mzee Edirisa. Zamani alikuwa dereva wa malori ya Mombasa, Kiswahili anakijua vizuri. Nilijitambulisha, nikasema mimi ndiye yule mwalimu wa Hakim wa Maskati. Akanipokea kwa heshima, akaniuliza habari za nyumbani, watoto, na baridi ya huko kazini. Nilikuwa naona aibu hata kuitikia.

Nikamweleza. Akaniuliza udi ni nini, nikamwambia. Akaniuliza, "Na Hakim alisema nini siku hiyo?" Nikamjibu, "Alisema feni aliifuta, na kwamba mimi nilimwona."

Akasema:

"Mwanangu alirudi hapa na begi moja. Akaniambia maneno hayo hayo. Kwamba aliifuta, na mwalimu wake alimwona. Nikamwuliza, kama mwalimu alikuona, mtu mzima, mwenye kuogopa Mungu, mbona hakusema? Akasema hajui. Nikajua ananidanganya. Nikamwambia sitakaa nyumba moja na mtu aliyeharibu kazi ya watu halafu akasingizia mwalimu wake. Huu mwezi wa nne analala kwa shemeji yangu."

Nikasema, "Mzee, alikuwa anakwambia kweli."

Akaniuliza, "Basi nakuuliza wewe. Mbona hukusema?"

Nikamjibu yote matatu, Shangazi, kama nilivyosema klabu, sikumficha hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana na wala hakunisamehe. Aliniomba tu nikate simu, kwa sababu jua linashuka na kwa shemeji yake ni mbali kwa miguu, na alitaka kufika kabla ya Magharibi akamchukue mwanawe.

Jaifar